Faili la Msomaji, Kompyuta ya Umma: Uchambuzi wa Sera za Kupakua Mafaili Maktabani

Msomaji anayekwenda maktaba ya umma kutumia kompyuta hukutana na kanuni zinazopingana kutoka mji mmoja hadi mwingine, na pengine kutoka tawi moja hadi jingine la maktaba ileile. Mahali pamoja anaruhusiwa kuchomeka flashi yake na kuondoka na chochote alichokipata mtandaoni. Mahali pengine tundu la flashi limezibwa, na tangazo lililobandikwa juu ya skrini linasema kwamba kupakua faili lolote ni marufuku. Na mahali pa tatu anaruhusiwa kupakua, ila kompyuta ikizimwa kila alichohifadhi hufutika bila yeye kuonywa. Akiuliza sababu, hujibiwa kwa maelezo yasiyolingana: virusi, hakimiliki, kasi ya mtandao, au kwa mkato tu kwamba ndiyo sheria. Utata huo umetokana na kufunga hofu mbalimbali ndani ya katazo moja, ilhali kila hofu ina chanzo chake, umri wake na dawa yake.

Kupakua ni kunakili data kutoka kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayotoa huduma, hadi kwenye kompyuta iliyo mbele ya mtumiaji. Kwa hali hiyo ukurasa wowote unaosomwa kwa kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, umekwisha kupakuliwa kabla haujaonekana, kwa kuwa maandishi na picha zake hukaa kwa muda katika kumbukumbu ya mashine. Hati ya PDF inayofunguka ndani ya kivinjari ni ileile inayohifadhiwa katika folda. Kinachobadilika ni mahali inapokaa na muda inaokaa. Sera inayokataza kupakua, basi, haiwezi kutekelezwa kama ilivyoandikwa, na kwa kweli hukusudia mojawapo ya mambo matatu: msomaji asiache faili kwenye diski ya maktaba, asilihamishe kwenye chombo chake, au asisakinishe programu, yaani asiiweke programu mpya ndani ya mashine ikapata kufanya kazi. Hatari za mambo hayo matatu hazilingani hata kidogo, na tangazo linaloyachanganya humwadhibu anayetaka nakala ya cheti chake kwa ajili ya yule anayetaka kusakinisha mchezo.

Makatazo yalikotoka

Sera nyingi za aina hii zilianzia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati maktaba za umma zilipoanza kuunganishwa na intaneti kwa wingi, nyingine kwa kompyuta za msaada kutoka kwa wakfu wa Bill na Melinda Gates. Chombo cha kubebea mafaili wakati huo kilikuwa disketi yenye nafasi ya megabaiti 1.44, na aina moja ya virusi ilijificha katika sehemu ya mwanzo ya disketi, ile inayosomwa na mashine inapowashwa. Maktaba nyingi ziliwakataza wasomaji kuja na disketi zao, zikawauzia mpya mezani kwa mkutubi. Katazo hilo lilikuwa na mantiki, kwa sababu chombo chenyewe ndicho kilichobeba ugonjwa, na kuuza kipya kulikuwa na gharama ndogo kuliko kusafisha mashine kumi.

Flashi zilipochukua nafasi ya disketi, hatari ilibadilika sura. Mfumo wa Windows ulikuwa na tabia ya kuendesha wenyewe programu iliyo ndani ya chombo mara kinapochomekwa, na mnyoo wa kompyuta uliojulikana kwa jina la Conficker, uliojitokeza Novemba 2008, uliitumia tabia hiyo katika matoleo yake ya baadaye kuenea katika mamilioni ya mashine. Halmashauri ya Jiji la Manchester, Uingereza, iliyovamiwa na mnyoo huo mwanzoni mwa 2009, ilipata hasara iliyokadiriwa kufikia pauni milioni 1.5 na ikapiga marufuku flashi katika ofisi zake. Kwa mhasibu au mkuu wa maktaba aliyesoma habari hiyo, kuziba matundu ya flashi kulionekana kuwa busara ya kawaida.

Lakini hoja hiyo ilidhoofika upesi kuliko matangazo yaliyotokana nayo. Windows 7 ya mwaka 2009 iliondoa uwezo wa flashi kujiendesha, na Februari 2011 Microsoft ilisambaza marekebisho yaliyofanya vivyo hivyo kwa mifumo ya zamani ya XP na Vista. Tangu hapo faili lenye madhara lililo ndani ya flashi kwa kawaida huhitaji mtu alifungue. Hatari haijatoweka, maana vipo vifaa vilivyotengenezwa makusudi vijifanye kibodi, lakini hoja iliyokuwa na nguvu zaidi ya kukataza flashi za wasomaji imepungua uzito, na wachache walirudi kuibandua karatasi ukutani.

Afrika Mashariki imeongeza chanzo chake cha utata, nacho ni mamlaka. Tanzania Bara, huduma za maktaba za umma husimamiwa na bodi moja ya kitaifa iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1963. Nchini Kenya sheria ya mwaka 1965 iliunda bodi ya kitaifa pia, ila Katiba ya 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti kazi ya maktaba zilizo ndani ya mipaka yake. Mhitimu wa chuo aliyezoea kanuni za maktaba ya Nairobi, akirudi nyumbani kwa wazazi wake, hukuta maktaba iliyo chini ya mwajiri mwingine, yenye bajeti nyingine na pengine fundi wa kompyuta anayepita mara chache kwa mwaka. Kanuni zikitofautiana katika hali hiyo si ajabu; la ajabu ni kwamba hutangazwa kwa sauti ileile ya sheria ya nchi.

Kile ambacho sheria inadai

Madai kwamba sheria ndiyo inayokataza hayana msingi mkubwa hata huko yalikoanzia. Sheria ya Marekani inayotajwa mara nyingi ni ile ya kuwalinda watoto katika intaneti, CIPA kwa kifupi, iliyotiwa saini Desemba 2000 na kuthibitishwa na Mahakama ya Juu Juni 2003 kwa kura 6 dhidi ya 3. Sheria hiyo inazibana maktaba zinazopokea punguzo la gharama za intaneti au ruzuku fulani za serikali ya shirikisho, inazitaka ziweke chujio, yaani programu inayozuia tovuti, dhidi ya picha chafu, na inamruhusu mtu mzima kuomba chujio liondolewe kwa utafiti au matumizi mengine halali. Kuhusu kuhifadhi faili kwenye flashi haisemi neno.

Kwa upande wa hakimiliki, sheria ya Marekani iliyoanza kutumika Januari 1978 ina kipengele kinachoiondolea maktaba lawama pale msomaji anapotumia bila kusimamiwa mashine ya kunakilia iliyomo maktabani, mradi mashine hiyo iwe na tangazo linaloeleza kwamba nakala inaweza kubanwa na hakimiliki. Kipengele hicho kiliandikwa kwa kuwaza mashine za fotokopi, na wanasheria wanaweza kubishana kama kompyuta iliyounganishwa na intaneti imo, lakini roho yake iko wazi: mwenye mashine huonya, anayenakili hubeba dhamana ya alichonakili. Kwa hiyo maktaba inayokagua mafaili ya wasomaji kwa kuogopa kesi ya hakimiliki inaweza kujitwika jukumu ambalo haikutwikwa, kwani anayekagua hawezi tena kusema kwamba hakujua.

Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ambayo marekebisho yake ya 2019 yaliweka utaratibu wa mwenye haki kutoa taarifa ili kazi iliyowekwa mtandaoni kinyume cha sheria iondolewe. Utaratibu huo unamlenga anayehifadhi au kupitisha maudhui kwa ajili ya wengine. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka waendeshaji wa vibanda vya intaneti waweke kamera, wachuje maudhui yaliyokatazwa na wawe na sera ya matumizi. Ni rahisi kuona jinsi mkutubi mwangalifu anavyoweza kuisoma sheria ya kibanda kama sheria ya maktaba, kisha akaongeza la kwake. Hata hivyo kudai chujio na kamera ni jambo moja, na kumnyima msomaji nakala ya hati yake ni jingine.

Hoja ya kukataza inapopimwa

Haitakuwa haki kuwaona wanaokataza kama watu wa kale wasioelewa teknolojia. Kompyuta ya maktaba hutumiwa na watu wengi kwa siku moja, wasiojuana na wasio na sababu ya kuitunza, na mashine moja ikiharibika katika tawi lenye mashine tano, huduma imepungua kwa asilimia 20 hadi fundi atakapofika. Aidha, mashambulizi dhidi ya maktaba ni ya kweli. Januari 2017 maktaba ya umma ya jiji la St. Louis, Marekani, ilikumbwa na programu ya kudai fidia, yaani programu inayofunga mafaili kwa siri na kumtaka mwenyewe alipe ndipo yafunguliwe, na takriban kompyuta 700 zikazimwa katika matawi yake yote. Maktaba ilikataa kulipa, ikarejesha mifumo kutoka kwenye nakala za akiba.

Mfano huo, ambao wanaokataza hupenda kuutumia, una upande wa pili: wahalifu waliingia kupitia seva ya zamani ya ujumbe wa sauti, na msomaji aliyepakua wasifu wake hakuhusika. Funzo lake linahusu zaidi kutenganisha mtandao wa wasomaji na ule wa wafanyakazi, ili ugonjwa wa upande mmoja usivuke. Mfano wa mwaka 2011 unazidi kuonyesha kwamba hatari hutoka kwingine. Katika maktaba mbili za Cheshire, Uingereza, zile za Wilmslow na Handforth, viligunduliwa vifaa vidogo vilivyochomekwa nyuma ya kompyuta kati ya kibodi na mashine, vikirekodi kila herufi iliyobonyezwa, nywila za benki zikiwemo. Hapo walioshambuliwa walikuwa wasomaji wenyewe. Katazo la kupakua lisingegundua kitu. Kilichohitajika ni mfanyakazi kuchungulia nyuma ya mashine kila asubuhi, kazi ya dakika chache isiyo na programu wala bajeti.

Hoja ya kasi ya mtandao ndiyo yenye msingi imara zaidi katika mazingira ya Afrika Mashariki, na ni ajabu kwamba hutajwa mwisho. Maktaba yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, inayogawanywa sawasawa kwa kompyuta 20, humpa kila msomaji nusu megabiti. Faili la megabaiti 700, ambalo ni sawa na filamu moja ya ubora wa kawaida, lingehitaji zaidi ya saa 3 kwa kasi hiyo. Na pasipokuwa na mgawo, anayelipakua huwanyonya wenzake kumi na tisa. Lakini fomu ya kurasa nne ina kilobaiti mia chache tu. Katazo linalozipima filamu na fomu kwa kipimo kimoja ni dawa isiyolenga, ilhali kifaa cha mtandao kinaweza kumwekea kila mtumiaji kikomo cha kasi au cha ukubwa wa faili bila mtu yeyote kusimama nyuma ya mabega ya wasomaji.

Serikali iliyohamia mtandaoni

Upande wa kuruhusu hauna haja ya kutegemea maneno makubwa juu ya uhuru wa habari, kwani nguvu yake kubwa imo katika shughuli za kawaida za mwananchi. Mkenya mwenye mapato ya biashara anayewasilisha ritani yake ya kodi kabla ya tarehe 30 Juni amekuwa akitakiwa kupakua kutoka mfumo wa iTax jedwali la Excel, kulifungua, kuruhusu makro, yaani amri ndogo za programu zilizofichwa ndani ya jedwali, kujaza kurasa zake, kubonyeza kitufe cha kuhakiki, kisha kupandisha mtandaoni faili lililobanwa ambalo jedwali hulitengeneza lenyewe. Kila hatua ya kazi hiyo hugongana na sera kali ya maktaba: kupakua, kuruhusu makro, kuhifadhi, kupandisha. Nchini Tanzania, mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hujaza maombi mtandaoni, huchapisha fomu, huipeleka isainiwe na kugongwa mhuri, kisha hurudi kuzipandisha kurasa zilizosainiwa. Kazi hiyo haimaliziki kwa kikao kimoja, na msomaji asiyeruhusiwa kutunza faili kati ya ziara mbili atalazimika kuanza upya.

Anayefukuzwa maktabani haachi kulipa kodi wala kuomba mkopo. Huenda kwenye saiba, yaani kibanda cha intaneti, au steshenari ya mtaani, ambako hulipia kila ukurasa na mara nyingi humwachia mhudumu nywila yake na nakala za kitambulisho, zikibaki juu ya skrini ya mashine isiyofutwa. Wakosoaji wa sera kali husahau kulitaja hili, nalo ndilo la maana kuliko yote: hatari ambayo maktaba imeikwepa haikuondoka, imehamia mahali pasipo na kinga, na anayeibeba ni yule asiye na kompyuta nyumbani. Ni kweli kwamba wengi leo wana simu janja, lakini jedwali lenye makro halifanyi kazi ipasavyo kwenye simu, na hati za kurasa nyingi ni tabu kuzijaza kwa kidole.

Mashine inayojisahau

Kati ya kukataza na kuruhusu kumejitokeza njia ya tatu, iliyoenea sana katika maktaba za Marekani. Ni programu zinazoigandisha diski katika hali yake ya asubuhi, ili kila badiliko lililofanywa na mtumiaji lifutike mashine inapowashwa upya. Deep Freeze ya kampuni ya Faronics ya Kanada ndiyo maarufu zaidi kati ya zinazouzwa. Microsoft nayo ilitoa bure programu yake, Windows SteadyState, mwaka 2007, kisha ikaacha kuitoa mwishoni mwa 2010. Kwa mashine ya namna hiyo, swali la kama msomaji amepakua kirusi hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake, kwa kuwa kirusi hicho kitaondoka pamoja na kikao.

Njia hii husifiwa kupita kiasi, kwa hiyo kasoro zake zinahitaji kutajwa kwa kituo. Haisafishi kitu mpaka mashine iwashwe upya: maktaba inayoziwasha mashine asubuhi na kuzizima jioni humwachia msomaji wa saa nane folda yenye barua za maombi ya kazi, vyeti vya kuzaliwa na taarifa za benki za waliomtangulia. Pia marekebisho ya usalama hufutika pamoja na uchafu mwingine, mpaka fundi aigandue mashine, ayaweke, kisha aigandishe tena. Pasipo fundi, mashine iliyogandishwa mwaka jana huamka kila siku na matundu ya mwaka jana. Na katika miji ambako umeme hukatika bila taarifa, kila kukatika ni kuwasha upya, hivyo msomaji aliyeandika wasifu wake kwa saa nzima huupoteza wote kwa mara moja.

Kasoro hiyo ya mwisho ndiyo inayofichua upungufu wa sera nyingi za siku hizi. Diski iliyogandishwa ilibuniwa ikidhaniwa kwamba msomaji ana mahali pengine pa kuhifadhi. Maktaba inayoigandisha diski na papo hapo kuziba tundu la flashi imemnyang'anya mahali pote pawili, na kumwambia ajitumie faili kwa barua pepe ni kumtaka awe na simu mkononi ya kupokea tarakimu za uthibitisho, yenye laini ileile aliyojiandikishia. Mchanganyiko huo wa kinga mbili, kila moja ikiwa nzuri ikiwa peke yake, hufanya kompyuta kuwa dirisha la kutazamia tu.

Nani aangalie faili la nani

Liko pia suala la faragha, ambalo sera nyingi hulipitia juu juu. Njia mojawapo ya kutekeleza katazo ni mfanyakazi kukagua skrini na flashi, au mfumo kuweka kumbukumbu ya kila faili. Mwaka 2005 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliuandikia muungano wa maktaba jimboni Connecticut likitaka kujua ni nani aliyetumia kompyuta kwa anwani fulani ya mtandao alasiri moja ya Februari, na kuwakataza wakutubi wasimwambie mtu. Wakutubi wanne walikwenda mahakamani, na mwaka uliofuata dai hilo likaachwa. Tangu hapo maktaba nyingi za nchi hiyo zimeona kwamba kumbukumbu isiyokuwepo haiwezi kudaiwa. Kenya kwa sheria ya 2019 na Tanzania kwa sheria ya 2022 zimeweka kanuni za ulinzi wa taarifa binafsi, na rejista ya nani alipakua nini kwa hakika ni taarifa binafsi inayohitaji sababu, muda wa kutunzwa na mtu wa kuwajibika. Upande wa pili una uzito wake: pasipo kumbukumbu yoyote, maktaba ambayo mtandao wake umetumiwa kwa wizi au kumnyanyasa mtoto haitakuwa na la kuwaambia polisi wenye amri ya mahakama. Kumbukumbu ya muda mfupi ya nani alikalia kiti kipi, bila kuingia ndani ya mafaili yake, inaelekea kuwa kadiri inayostahimilika.

Uzani

Pande zote zikiwekwa kwenye mizani, katazo la jumla la kupakua linaelekea kushindwa, kwa sababu kila hatari inayolitetea ina kinga yake inayolenga zaidi: kasi kwa kikomo cha mtandao, uambukizo kwa mashine inayojisafisha na mtandao uliotenganishwa, hakimiliki kwa tangazo, na watoto kwa chujio la mashine zao. Linalobaki na haki ya kukatazwa moja kwa moja ni kusakinisha programu, na hilo huzuiwa na akaunti ya mtumiaji isiyo na madaraka ya msimamizi, mpangilio uliomo ndani ya Windows bila malipo ya ziada. Flashi ya msomaji iruhusiwe, ikaguliwe na programu ya kuzuia virusi inapochomekwa, na tundu lake liwekwe mbele ambako mfanyakazi anaona kilichochomekwa.

Makro ndizo zinazobaki na ugumu wa kweli, kwa kuwa njia ambayo mamlaka ya kodi imeitumia kukusanya ritani ni ileile ambayo wahalifu wameitumia miaka mingi kupenyeza programu zao. Maktaba inayoziruhusu kila mahali inajiweka wazi, na inayozizuia kila mahali inawarudisha walipa kodi saiba. Tawi lenye mashine tano linaweza kutenga moja yenye Microsoft Excel, iliyogandishwa na kuwekwa kwenye mtandao wa pekee, iwe ya kazi hizo, na kuiwasha upya kila msomaji anapoondoka. Nne zilizobaki zinaweza kuendeshwa kwa mfumo huria wa Linux, usiolipiwa leseni wala kushambuliwa na virusi vingi vya Windows, ingawa hapo jedwali la Excel lenye makro halitafanya kazi vilevile, na itabidi msomaji aelezwe mapema, kabla hajakaa, ni mashine ipi inayofaa kwa shughuli iliyomleta. Kadhalika, kama mashine hufuta mafaili, aelezwe hilo kwa Kiswahili kwenye skrini yenyewe, pamoja na dakika zilizosalia kabla ya kikao kufungwa, ili apate kuhamisha alichonacho.

Pasipo na kifaa cha akiba cha umeme, kila mashine ihifadhi kazi ya msomaji moja kwa moja kwenye flashi yake tangu mwanzo wa kikao, na maktaba iwe na flashi chache za kuazima kwa asiye nayo, zikifutwa kila zinaporudishwa. Bei ya flashi tano kama hizo ni ndogo kuliko leseni za programu za kugandisha, na mkutubi mmoja anaweza kuzisimamia bila kumngoja fundi wa kaunti.